Punda anaposaga meno: Tiba nafuu ya vidonda vya tumbo

Na MWANDISHI WETU

KABLA matatu za kwanza hazijaanza kugombania abiria katika Barabara Kuu ya Thika, mikokoteni ya maji huwa tayari imo njiani. Katika mitaa ya Kimbo na Mwihoko upande wa Ruiru, na katika Kiandutu na Kiganjo upande wa Thika, punda ndiye mfereji wa watu wengi. Hilo lina kinaya chake. Maji ya mto Thika hukingwa katika bwawa la Ndakaini na kusafirishwa kwa mabomba hadi Nairobi, ilhali mkazi wa pembezoni mwa mji unaoitwa kwa jina la mto huo huo hununua yake kwa mtungi, yakiletwa mlangoni na mnyama.

Mtungi mmoja ni lita 20. Mkokoteni wenye mitungi 20 basi umebeba kilo 400 za maji, mbali na uzito wa mbao, vyuma na magurudumu, na mara nyingi mwenye mkokoteni akiwa ameketi juu yake. Punda anayeuvuta ana kilo 130 hadi 150 hivi. Ndiye karo, ndiye kodi ya nyumba, ndiye unga. Siku asipofanya kazi, kuna nyumba ambamo jiko haliwashwi.

Ndiyo sababu mnyama huyo anapoanza kususia pumba, kukonda, kusaga meno au kugeuka na kutazama ubavu wake, mwenyewe huingiwa na hofu. Majirani humwambia kwamba punda ana ulsa. Muuza dawa humpa chupa. Baada ya siku chache fedha zimekwisha, punda angali anasaga meno, na hakuna aliyejua kwa hakika alikuwa akiugua nini.

Makala haya yanakusudia kueleza vidonda vya tumbo kwa punda na farasi ni nini, vinaweza kushukiwa vipi pasipo mitambo ya bei ghali, na ni tiba gani iliyo ndani ya uwezo wa mwenye mkokoteni. Isemwe wazi tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ya tiba hiyo haiuzwi katika chupa. Imo katika saa za kulisha na katika kile kinacholishwa.

Farasi watatajwa mara kwa mara hapa kwa sababu takriban utafiti wote kuhusu maradhi haya umefanywa kwao, hasa farasi wa mbio, mithili ya wale wanaoshindana katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi. Punda ni jamaa wa karibu wa farasi na mfuko wake wa chakula umeundwa kwa namna ile ile. Wala hajasalimika. Wataalamu wa shirika la Donkey Sanctuary nchini Uingereza walipopasua mizoga ya punda wazee zaidi ya 400 katika uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2009, walikuta vidonda vya tumbo kwa takriban wanne katika kila 10. Wale waliokuwa wakilishwa nafaka ndio walioathirika zaidi.

Si ng'ombe

Kiambu ni nchi ya ng'ombe wa maziwa. Mkulima wa huku anamjua ng'ombe kama anavyojua kiganja chake, na kosa la kwanza huzaliwa papo hapo: hudhani kwamba kila mnyama alaye majani yuko hivyo. Ng'ombe hula upesi, akajaza tumbo lake kubwa, kisha akalala kivulini na kucheua kwa saa nyingi. Anaweza kulishwa mara mbili kwa siku na akanawiri.

Punda na farasi hawacheui. Mfuko wao wa chakula ni mdogo ukilinganishwa na mwili. Ule wa farasi mkubwa wa kilo 450 huchukua lita 8 hadi 15 tu. Uliumbiwa mnyama anayekula kidogo kidogo, mchana na usiku, kwa saa 14 hadi 18. Kwa hivyo mfuko huo hutoa asidi bila kukoma, chakula kiwemo kisiwemo.

Kinga dhidi ya asidi hiyo ni mbili. Ya kwanza ni mate, ambayo yana chumvichumvi za kuipunguza makali. Lakini tofauti na binadamu, ambaye mate humjaa kinywani akinusa tu nyama choma, farasi na punda hutoa mate wanapotafuna pekee. Asiyetafuna hana mate, na asiye na mate huachwa na asidi tupu tumboni. Kinga ya pili ni majani yenyewe. Yakishatafunwa huelea juu ya asidi mfano wa mkeka, yakaizuia isirukeruke.

Sehemu ya chini ya mfuko huo imefunikwa ute mzito unaoistahimilisha asidi. Sehemu ya juu, karibu theluthi moja, haina ute huo. Ngozi yake inafanana na ile ya koo. Mnyama akikimbia au akivuta mzigo mzito, misuli ya tumbo hukaza na kuuminya mfuko, na asidi hupanda hadi kwenye sehemu hiyo isiyo na kinga. Kama mfuko ni mtupu na mkeka wa majani haupo, ngozi huchomeka.

Sasa tutazame siku ya punda wa maji. Hufungwa kwenye mkokoteni alfajiri akiwa hajala kitu. Huvuta hadi saa sita au saa saba mchana, akisimama kando ya kisima kusubiri foleni huku hatamu ikiwa mdomoni. Akifunguliwa hutiliwa pumba au mahindi debe zima kwa mara moja, kama malipo ya kazi yake. Mtu angeombwa abuni ratiba ya kumchoma mnyama tumbo, asingeandika nyingine.

Utafiti uliofanywa Denmark miongoni mwa farasi wasio wa mbio, ukachapishwa mwaka huo huo wa 2009, ulitaja mambo yanayoandamana na vidonda vya tumbo: wanga kupita gramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mnyama kwa siku, kukaa zaidi ya saa sita bila majani, mabua makavu ya nafaka kuwa ndiyo malisho pekee, na kukosa maji mahali pa malisho. Ni Denmark, lakini ingeweza kuwa Makongeni.

Kushuku na kuthibitisha

Njia moja tu ndiyo inayothibitisha vidonda kwa mnyama aliye hai: kupitisha kamera ndefu ya mita tatu kupitia puani hadi tumboni. Kwa mwenye farasi wa mbio hilo ni gharama ya kawaida. Kwa mwenye mkokoteni wa Ruiru ni ndoto. Kwa hivyo tunazungumzia ugonjwa unaoshukiwa, na huo hutibiwa kwa kuondoa kwanza yale mengine yanayofanana nao, ukianzia kwa yale yasiyogharimu kitu kuyaangalia.

Dalili zinazotajwa sana ni kukonda, manyoya kukosa mng'ao, kusaga meno, kula majani lakini kuacha nafaka, maumivu madogo ya tumbo punde baada ya kula, uvivu usio wa kawaida, na kukasirika mkanda wa tumboni unapokazwa. Waswahili walinena kwamba asante ya punda ni mateke. Pengine waliowahi kupigwa mateke hayo wangetazama mkanda ulipo kabla ya kumlaumu mnyama, kwani anayeumwa na tumbo hana namna nyingine ya kulisema. Hata hivyo, hakuna dalili hata moja kati ya hizo iliyo ya vidonda peke yake.

Fungua mdomo. Meno ya punda na farasi hukua maisha yao yote na hulika kwa namna inayoacha ncha kali zinazokata shavu na ulimi. Mnyama mwenye tatizo hilo hudondosha matonge ya majani yaliyotafunwa nusu, na hukonda huku chakula kiko mbele yake. Hatapona kwa dawa ya tumbo. Ncha hizo hupigwa tupa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo.

Halafu kuna minyoo. Kinyesi kikipelekwa maabara ya mifugo, mayai ya minyoo huhesabiwa kwa gharama ndogo kuliko ya dawa yoyote itakayotajwa hapa. Pia wapo mabuu wa nzi wanaoshika ukuta wa tumbo la farasi na punda na kukaa humo kwa miezi. Dawa ya ivermektini inayomezwa huwaua wote wawili, mabuu na minyoo mingi. Ile ya sindano iliyotengenezewa ng'ombe isitumiwe kiholela. Kwa farasi imewahi kuleta madonda mabaya mahali ilipochomwa.

Jambo la tatu ni plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mnamo Agosti 28, 2017, lakini majaa ya taka hayajapata habari kikamilifu. Punda anayeachwa ajitafutie jioni hula alichokikuta, na mpira wa nailoni na kamba ukishaganda ndani ya utumbo hakuna dawa ya kuunywesha. Ukiona vipande vyake katika kinyesi, anza hapo.

Kuna hali ambazo hazisubiri uchunguzi wa aina hii. Mnyama anayegaagaa chini, anayetokwa na jasho akiwa amesimama, asiyepata choo, au mwenye ufizi uliogeuka rangi na kuwa mwekundu wa damu ya mzee au wa zambarau, anahitaji daktari saa hiyo hiyo. Kwa punda ipo hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Akikosa kula kwa siku moja au mbili, kwa sababu yoyote ile, mwili wake huyeyusha mafuta na kuyamwaga kwenye damu kupita kiasi, na ini lake hulemewa. Hali hiyo huua. Punda huwa kimya hata anapoumwa sana, hivyo yule anayesimama tu pembeni akiwa ameinamisha kichwa, hagusi chakula, ni mgonjwa mahututi hadi ithibitishwe vinginevyo.

Dawa ya kwanza ni nyasi

Ukishaondoa hayo na shaka ikabaki, badilisha ulishaji kabla ya kununua chochote. Lengo ni kwamba mnyama asikae zaidi ya saa nne au tano bila kutafuna, na asikaribie kamwe saa sita.

Usiku ndio ulio rahisi. Nyasi kavu, kama Boma Rhodes inayouzwa kwa marobota, iwekwe ya kutosha ili baadhi ibaki hadi asubuhi. Nyasi ya kawaida iliyokomaa inafaa zaidi kuliko changa yenye sukari nyingi. Mabua ya mahindi si haramu, mradi yachanganywe na nyasi na maji yawepo karibu; yakiwa peke yake ni magumu na hayana nguvu ya kupunguza asidi.

Mchana ndipo penye kazi. Kabla ya kufungwa kwenye mkokoteni, punda apewe konzi mbili tatu za majani na muda wa kuyatafuna, nusu saa hivi. Mkeka ule wa tumboni hujengwa hapo. Kisha mfuko wa nyasi ubebwe kwenye mkokoteni, na kila anaposubiri foleni kisimani hatamu ilegezwe ale. Muda wa kusubiri upo kila siku. Ni suala la kuutumia. Apate pia maji. Inasikitisha kusema, lakini punda anayebeba lita 400 za maji anaweza kushinda bila kunywa hata lita moja.

Lusani, ambayo wengine huiita alfalfa, ina nafasi yake ya pekee. Protini na kalsiamu iliyo nayo hupunguza makali ya asidi, na watafiti wa Texas, Marekani, waliona vidonda vikiwa hafifu zaidi kwa farasi wa mazoezi waliopewa lusani kuliko kwa waliopewa nyasi ya kawaida. Wafugaji wengi wa maziwa wa Kiambu huipanda. Punda hahitaji nyingi, kwa kuwa hunenepa upesi anapopumzika. Konzi moja kabla ya kazi na nyingine baadaye yatosha.

Kuhusu nafaka, hesabu ni nyepesi. Kipimo cha gramu 2 za wanga kwa kilo moja ya uzito humpa punda wa kilo 150 gramu 300 kwa siku. Mahindi ni wanga kwa takriban asilimia 70, kwa hivyo hiyo ni chini ya nusu kilo ya mahindi, au robo ya gorogoro, na igawanywe mara mbili au zaidi. Debe la adhuhuri, hata kama limetolewa kwa moyo wa shukrani, linapita mpaka huo mbali sana. Anayeshukiwa kuwa na vidonda ni afadhali aachishwe nafaka kabisa kwa wiki chache.

Hapa inafaa kutoa onyo mara mbili. Mahindi yaliyoota ukungu yasipewe punda wala farasi, kwa maana sumu ya baadhi ya ukungu huo huharibu ubongo wao. Vilevile chakula cha kuku na baadhi ya vyakula vya ng'ombe hutiwa dawa iitwayo monensini, au za jamii yake, ambazo hazimdhuru kuku wala ng'ombe lakini huua moyo wa farasi kwa kiasi kidogo mno. Mabaki ya banda la kuku yasiishie kwenye hori la punda.

Vidonge

Dawa yenye ushahidi mkubwa kupita zote ni omeprazoli, ile ile wanayopewa binadamu. Huzima viwanda vya asidi katika ukuta wa tumbo. Marekani iliidhinisha ile ya farasi, iliyo katika bomba kama dawa ya meno, mwaka wa 1999, kwa kipimo cha miligramu 4 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku kwa siku 28. Vidonda vya sehemu ya juu ya tumbo hupona kwa takriban robo tatu ya farasi wanaotibiwa hivyo. Vya sehemu ya chini ni wakaidi: kwa omeprazoli peke yake hupona kwa karibu robo moja tu katika muda huo.

Shida ni bei. Mtu huona kwamba kapsuli za omeprazoli za miligramu 20 zapatikana katika kila duka la dawa, akafanya hesabu. Farasi wa kilo 450 kwa kipimo hicho ahitaji miligramu 1,800, yaani kapsuli 90 kwa siku na 2,520 kwa mwezi wa tiba. Punda wa kilo 150 ahitaji 30 kwa siku. Wengi huishia hapo, na hawana lawama.

Lakini hesabu hiyo si lazima iwe hivyo. Omeprazoli huharibiwa na asidi ile ile inayokwenda kuizuia, ndiyo maana hupakwa ganda ili ifike kwenye utumbo ikiwa salama. Madaktari bingwa wa maradhi ya ndani ya farasi barani Ulaya, katika mwongozo wao wa mwaka wa 2015, walikubali kwamba chembechembe zilizopakwa ganda hilo hutosha kwa miligramu 1 kwa kila kilo. Kwa punda wetu ni miligramu 150, yaani kapsuli saba au nane. Robo ya gharama ya awali.

Hilo halimaanishi kwamba mtu akimbilie duka la dawa. Mwongozo ulizungumzia chembechembe zilizotengenezewa farasi, na kapsuli za binadamu hazilingani zote kwa ubora. Zipo ambazo ganda lake ni hafifu. Uamuzi wa kuzitumia, na kwa kipimo gani, ni wa daktari wa mifugo. Nchini Kenya, kwa mujibu wa sheria ya mwaka wa 2011, anayetibu mifugo kwa malipo sharti awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, na mwenye punda ana haki ya kuuliza nambari ya usajili. Kwa wachuuzi kadhaa wa maji kuchangia ziara moja ya daktari, punda wote wakakaguliwa meno siku hiyo hiyo, gharama ya kila mmoja hushuka hadi kuwa ya kuvumilika. Ofisi za mifugo za kaunti ziko Ruiru na Thika, na mashirika kama Brooke East Africa, KENDAT na KSPCA yamejishughulisha na ustawi wa punda nchini kwa miaka mingi.

Namna ya kuipa dawa hiyo ina uzito sawa na dawa yenyewe. Hutolewa asubuhi kabla ya mlo wa kwanza, kisha mnyama akangoja kati ya nusu saa na saa nzima ndipo apewe majani. Ikichanganywa na chakula kingi hupotea bure. Kapsuli hufunguliwa lakini chembe za ndani hazisagwi, kwa kuwa kuzisaga ni kulivunja ganda na kuitia dawa mdomoni mwa asidi. Huchanganywa na molasi kidogo na kupitishwa kwenye pembe ya mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano yenyewe, imezwe bila kutafunwa.

Uzito usikisiwe kwa macho. Kwa farasi, chukua utepe wa fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele kwa sentimita, uzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, na ugawanye kwa 11,900. Jibu ni kilo. Kwa punda hesabu ni tofauti kidogo, na daktari anayo jedwali yake.

Kwa vile vidonda wakaidi vya sehemu ya chini, madaktari huongeza sukralfati, dawa inayoganda juu ya kidonda mfano wa bandeji. Hutolewa mara mbili au zaidi kwa siku. Ranitidini, iliyokuwa tegemeo la wasio na uwezo kwa miaka mingi, iliondolewa madukani katika nchi nyingi mnamo 2019 na 2020 baada ya kugunduliwa kuwa na kemikali inayohusishwa na saratani. Kwa farasi ilihitaji kutolewa kila baada ya saa nane, usiku na mchana, jambo ambalo wachache walilitimiza.

Zisizofaa

Binadamu wengi wenye vidonda vya tumbo hupewa dawa za kuua bakteria, na kwa sababu nzuri. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo cha vidonda vingi vya watu, wakatuzwa Nobel mwaka wa 2005. Anayeumwa Thika leo hurudi nyumbani na pakiti ya vidonge vya aina tatu. Pakiti hiyo isimfuate punda zizini. Kwa farasi bakteria huyo hajathibitishwa kuwa chanzo, na antibiotiki zinazomezwa ovyo zinaweza kuvuruga vijidudu vya utumbo wake mkubwa, akaharisha hadi kufa.

Magadi na dawa za kupunguza kiungulia hutuliza asidi kwa muda mfupi, saa moja au mbili, kisha hali hurudi ilivyokuwa. Hakuna anayeweza kumnywesha mnyama kila baada ya saa mbili kwa mwezi mzima. Aidha, magadi hutoa gesi, na farasi na punda hawawezi kutapika wala hawateuki kwa urahisi. Shubiri nayo imejaribiwa huko Australia ikilinganishwa na omeprazoli, ikaachwa nyuma kwa mbali.

Mbaya zaidi ni dawa za maumivu. Punda akichechemea au akionyesha uchungu, upo mtindo wa kumpa fenilbutazoni, au hata diklofenaki ya binadamu, siku baada ya siku ili aendelee kuvuta. Dawa za kundi hilo hupunguza ute unaolinda tumbo na zikitolewa kwa wingi au kwa muda mrefu huleta vidonda zenyewe, tumboni na katika utumbo mkubwa. Anayemtibu punda kwa omeprazoli asubuhi na kumpa dawa ya maumivu jioni anajaza pipa lililotoboka.

Siku 28

Jaribio la dawa lina mwisho wake. Mnyama mwenye vidonda vya kweli huanza kuonyesha nafuu ndani ya wiki mbili: hurudi kwenye chakula, huacha kusaga meno, hukubali mkanda. Asipoonyesha lolote, kumwongezea dawa ni kupoteza fedha, na daktari atafute ugonjwa mwingine.

Je, apumzishwe? Jibu la kitabu ni ndiyo. Jibu la Kiandutu ni kwamba siku 28 bila kipato ni kufukuzwa nyumbani. Kati ya hayo mawili kuna njia ya katikati ambayo ina msingi katika maumbile ya tumbo lenyewe. Kinachopandisha asidi ni mwendo wa kasi na mzigo mzito tumbo likiwa tupu. Kwa hiyo mitungi 20 ishushwe hadi 10, punda atembee na asikimbizwe, mwenye mkokoteni ashuke, safari zigawanywe asubuhi na jioni huku mchana kukiwa na malisho, na siku moja au mbili za wiki ziwe za kulala. Mapato yatapungua kwa mwezi mmoja.

Zamani wapo waliopiga hesabu nyingine: mnyama akidhoofu, auzwe, anunuliwe mwingine. Hesabu hiyo imevurugika. Kuanzia mwaka wa 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa nchini, nyama na hasa ngozi zikipelekwa China, na wizi wa punda ukaenea pamoja na bei kupanda. Sensa ya mwaka wa 2009 ilikuta takriban punda milioni 1.8 nchini; ya mwaka wa 2019 ilikuta takriban milioni 1.2. Waziri Peter Munya alipiga marufuku uchinjaji huo mwezi Februari 2020, Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo Mei 2021, na viongozi wa Muungano wa Afrika walipokutana Addis Ababa Februari 2024 wakaafikiana kuikomesha biashara ya ngozi za punda barani. Katika hayo yote punda wa kuvuta maji amekuwa adimu na ghali, na kumtibu aliyepo kumekuwa nafuu kuliko kumtafuta mwenzake.

Dawa inapokwisha, asidi hurejea kwa nguvu zake zote katika siku chache. Kama punda atarudishwa kwenye mitungi 20, alfajiri, akiwa hajala, vidonda hurudi pia, na kapsuli zote zile zitanunuliwa upya. Nyasi ya usiku, konzi za kabla ya safari na mfuko wa kisimani haviishi siku ya 28. Nafaka irudishwe polepole, baada ya wiki moja au mbili, na isivuke robo ile ya gorogoro.